Panya akipona, usitupe dawa zako

Leo ningependa tuzungumze kuhusu jambo linalowatatanisha wagonjwa wengi ninaowahudumia hapa Thika, na wengine wanaotoka Ruiru. Ni zile habari tunazosoma na kusikia kwamba wanafunzi wa chuo kikuu wamegundua dawa ya ugonjwa fulani, na kwamba dawa hiyo imejaribiwa na kufaulu. Habari kama hizi huwapa wagonjwa matumaini, na matumaini si mabaya. Ubaya ni kwamba mara nyingi mgonjwa haelezwi ni nani hasa aliyepona.

Miezi michache iliyopita, mama mmoja wa miaka 50 na kitu aliletwa kwenye kliniki yangu kutoka Ruiru akiwa hajiwezi. Alikuwa anapumua kwa haraka na kwa nguvu kama mtu aliyepanda mlima. Midomo ilikuwa imemkauka, alikuwa anatapika, na pumzi yake ilinuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Mama huyu ana ugonjwa wa kisukari na amekuwa akijidunga insulini kwa miaka kadhaa. Nilipompima, mashine haikuonyesha nambari yoyote. Ilionyesha tu kwamba sukari imepita kiwango inachoweza kusoma. Tulimtundikia maji na kumkimbiza hospitalini, ambako alilazwa kwa siku 6.

Kijana wake ndiye aliyenieleza kisa chote. Alikuwa amesoma kwamba majani ya mti fulani, ambao hata kwao shambani upo, yameshusha sukari katika utafiti wa chuo kikuu. Wakayachemsha, mama akawa anakunywa asubuhi na jioni. Kwa kuwa sasa aliamini amepata dawa, akaacha sindano. Siku ya 5 akazidiwa.

Alipopata nafuu alirudi kuniona. Aliketi, akanitazama, kisha akauliza: "Daktari, kwani wale watu wa chuo walitudanganya?"

Jibu ni la, hawakudanganya. Majani yale yalishusha sukari kweli, lakini ilikuwa sukari ya panya. Ili kuelewa tofauti iliyopo, ni lazima tuingie kidogo katika maabara ya mwanafunzi yule tuone anafanya nini.

Elimu ya magonjwa

Watu wengi wanamjua mwanapatholojia kama yule daktari anayepasua maiti kuchunguza chanzo cha kifo. Hiyo ni sehemu ndogo tu ya kazi yake. Kazi yake kubwa huwahusu walio hai. Ukitolewa uvimbe kwenye titi, kwa mfano, yeye ndiye huchunguza kipande hicho kwa hadubini na kusema kama ni saratani au siyo. Patholojia, kwa ufupi, ni elimu ya magonjwa: yanatokana na nini, na yanaubadilishaje mwili.

Tawi moja la elimu hii huitwa patholojia ya majaribio. Hapa mtafiti hangoji ugonjwa uje. Humfanya mnyama augue kwa makusudi, akafuatilia kinachotendeka mwilini mwake, kisha akampa kitu fulani ili aone kitabadilisha nini. Elimu yetu kuhusu kisukari ilianzia huko. Mwaka wa 1889, mjini Strasbourg, madaktari Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho. Mbwa yule akaanza kukojoa mara kwa mara, na mkojo wake ukawa na sukari. Ndipo ikafahamika kwamba kisukari kinahusiana na kongosho.

Sehemu kubwa ya kazi hii hufanywa na wanafunzi wa shahada ya uzamili na ya uzamifu. Sisi wa barabara kuu ya Thika tunaishi katikati yao. Kahawa kuna Chuo Kikuu cha Kenyatta. Juja, kati ya Ruiru na Thika, kuna Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, ambacho kilianza kama chuo mwaka wa 1981 na kuwa chuo kikuu kamili mwaka wa 1994. Hapa Thika kwenyewe kuna Chuo Kikuu cha Mount Kenya. Kabla ya kugusa mnyama hata mmoja, mwanafunzi huandika pendekezo la utafiti, hupata wasimamizi, huomba kibali cha kamati ya maadili, na huchukua leseni kutoka kwa NACOSTI, yaani Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi.

Jaribio linavyofanywa

Hebu tuchukue mfano wa mwanafunzi anayechunguza majani yanayosemekana kushusha sukari. Atatumia panya weupe wa maabara, wenye uzito wa gramu 20 hadi 30 hivi. Panya hawa ni wazima, kwa hivyo kwanza atawadunga kemikali iitwayo aloksani. Sumu hii huua zile chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Ilijulikana mwaka wa 1943 huko Glasgow, wakati wanapatholojia waliokuwa wakichunguza maradhi ya figo walipoona kwamba sungura waliodungwa aloksani waliharibika kongosho. Baada ya siku 2 au 3 hivi, panya huwa na kisukari.

Hapo mwanafunzi huwagawa katika makundi, mara nyingi ya panya 5 au 6. Kundi la kwanza ni la panya wazima. La pili lina kisukari na halipewi dawa yoyote. La tatu lina kisukari na linapewa dawa inayojulikana, kama vile insulini au metformini. Makundi mengine yana kisukari na hupewa dawa ya majani, kila kundi kipimo chake. Bila makundi haya hatuwezi kujua kama sukari ilishuka kwa sababu ya majani au ilishuka yenyewe. Sukari hupimwa kwa tone la damu kutoka mkiani, kwa mashine ndogo kama ile unayotumia nyumbani.

Mwishoni panya huuawa kwa njia isiyo na mateso, na viungo vyake hutolewa: kongosho, ini na figo. Vipande huhifadhiwa katika fomalini, hutiwa ndani ya nta, kisha hukatwa vyembamba sana, kiasi kwamba ukivipanga 200 kimoja juu ya kingine utapata unene wa milimita moja tu. Hupakwa rangi ya zambarau na ya waridi na kutazamwa kwa hadubini. Hapa ndipo patholojia inapotoa ushahidi wake. Je, chembe za kongosho zimerudi? Je, majani yameshusha sukari huku yakiharibu ini? Mashine ya sukari peke yake haiwezi kujibu maswali haya.

Kazi hii ni ya haki na ya uangalifu. Lakini angalia vizuri inachosema. Inasema kwamba kitu fulani, kwa kipimo fulani, kilishusha sukari ya panya kadhaa kwa majuma machache.

Kwa nini panya si wewe

Kwanza, ugonjwa wake si wako. Panya alitiwa kisukari kwa sumu, kwa siku chache. Watu wazima wengi wenye kisukari walikipata polepole kwa miaka mingi, kwa kurithi, kwa unene na kwa kukosa mazoezi, na wengi wao bado wana insulini lakini mwili hauitikii inavyopaswa. Ndivyo ilivyo hata kwa malaria. Panya wa maabara huambukizwa kimelea kiitwacho Plasmodium berghei, kilichopatikana mwaka wa 1948 katika panya wa msituni huko Katanga, Kongo. Kimelea hicho hakimpati binadamu. Dawa inayokiua huenda ikaua kile chetu, na huenda isikiue.

Pili, kipimo ni tofauti. Tuseme panya walipewa miligramu 240 za dawa ya majani kwa kila kilo ya uzito. Ukizidisha hesabu hiyo kwa mtu wa kilo 70 utapata gramu 16.8. Hilo ni kosa kubwa. Mwili wa panya hufanya kazi haraka kuliko wetu na huondoa dawa haraka. Kwa kawaida watafiti hugawanya kipimo cha panya kwa takriban 12 ili kukadiria cha binadamu. Hapo gramu 16.8 zinakuwa gramu 1.4. Hata hizo hawampi mtu wa kwanza. Hupunguza tena, mara nyingi hadi sehemu moja ya kumi. Isitoshe, mwanafunzi hakutumia chai ya sufuria. Alikausha majani, akayasaga, akayachuja na kuyapima. Wewe unapochemsha konzi ya majani jikoni, hujui umekunywa kiasi gani.

Tatu, muda ni mfupi. Majaribio mengi ya panya huchukua majuma 2 hadi 4. Wewe utaishi na kisukari miaka mingi. Dawa inayoumiza figo polepole haitajulikana kwa majuma 4.

Nne, miili ya viumbe hutofautiana. Mfano mzuri ni penisilini. Jumamosi tarehe 25 Mei 1940, katika idara ya patholojia ya Chuo Kikuu cha Oxford, Howard Florey na wenzake waliwaambukiza panya 8 bakteria hatari. Wanne wakapewa penisilini. Kulipokucha, wale wanne wasiotibiwa walikuwa wamekufa, na waliotibiwa walikuwa hai. Lakini penisilini hiyo hiyo ni sumu kwa simbilisi, yule mnyama mdogo wa kufugwa anayefanana na panya mnene asiye na mkia. Florey angeanza na simbilisi, huenda dawa ile ingetupwa.

Kinyume chake pia hutokea. Dawa ya usingizi iitwayo thalidomide ilionekana salama kwa panya. Akina mama wajawazito waliitumia kutuliza kichefuchefu, na maelfu ya watoto wakazaliwa na mikono na miguu iliyopungua kabla haijaondolewa mwaka wa 1961. Mnamo Machi 2006, jijini London, wanaume 6 wenye afya walidungwa dawa mpya ijulikanayo kama TGN1412. Kipimo chao kilikuwa kidogo mara 500 kuliko kile kilichokuwa salama kwa nyani. Katika muda wa saa chache wote 6 walikuwa mahututi, ingawa walinusurika.

Usidharau kazi ya mwanafunzi

Msomaji asije akadhani ninabeza utafiti wa vyuo vyetu. La hasha! Ile insulini aliyoiacha mama wa Ruiru ilitokana na kazi ya namna hiyo hiyo, na mwanafunzi alikuwamo.

Katika majira ya joto ya mwaka wa 1921, mjini Toronto, Kanada, daktari wa upasuaji Frederick Banting alipewa msaidizi kijana aitwaye Charles Best, ambaye ndio kwanza alikuwa amemaliza shahada yake ya kwanza. Waliwatoa mbwa kongosho ili wapate kisukari, kisha wakawadunga maji waliyoyakamua kutoka kwa kongosho za mbwa wengine. Sukari ikashuka. Kama kungekuwa na wachuuzi wa dawa wenye vipaza sauti pale steji ya Toronto, wangetangaza siku hiyo hiyo kwamba tiba ya kisukari imepatikana.

Lakini sikiliza kilichofuata. Tarehe 11 Januari 1922 walimdunga mgonjwa wa kwanza, Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 aliyekuwa amekonda na kubaki mifupa. Sukari ilishuka kidogo tu, na mahali alipodungwa pakavimba na kutunga usaha. Wakasimamisha. Mwenzao James Collip, aliyekuwa mtaalamu wa kemia, akaisafisha dawa usiku na mchana. Tarehe 23 Januari wakamdunga tena, na safari hii sukari ikashuka hasa. Kijana akaishi miaka 13 zaidi.

Unaona basi, msomaji. Hata insulini, dawa ambayo imeokoa mamilioni ya watu, ilifaulu kwa mbwa kisha ikashindwa katika sindano ya kwanza ya binadamu. Ilihitaji kusafishwa na kupimwa upya. Ndiyo sababu siku hizi dawa ikitoka kwa wanyama hupitia hatua nyingine tatu kwa watu. Kwanza hupewa watu wachache ili kuona kama ni salama. Pili hupewa wagonjwa wengi kidogo ili kupata kipimo kinachofaa. Tatu hupewa mamia au maelfu ya wagonjwa na kulinganishwa na tiba iliyopo. Hapa Kenya majaribio ya dawa kwa watu ni lazima yaidhinishwe na Bodi ya Dawa na Sumu.

Ukiombwa kipande cha mwili wako

Si panya peke yake anayesaidia utafiti. Huenda siku moja mwanafunzi akakuomba wewe ruhusa ya kutumia damu yako au mabaki ya uvimbe uliotolewa. Baadhi ya watu hukataa kwa hofu na wengine hukubali bila kuuliza. Ningependa ujue kwamba jambo hili lina historia kubwa Afrika Mashariki.

Mwaka wa 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliona mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Aligundua kwamba hiyo ilikuwa saratani iliyowapata watoto wengi wa sehemu zenye joto na mvua. Mwaka wa 1961 alitoa mhadhara London, na mwanapatholojia Anthony Epstein akamsikiliza. Epstein akaanza kupokea vipande vya uvimbe vilivyosafirishwa kwa ndege kutoka Uganda. Kwa muda mrefu hakuona kitu. Mwaka wa 1963 alijiunga naye Yvonne Barr, msaidizi aliyekuwa akifanya utafiti wa shahada ya uzamifu. Desemba mwaka huo ndege iliyobeba kipande kimoja ilichelewa kwa sababu ya ukungu na kutua Manchester badala ya London. Kilipofika maabarani, maji yaliyokihifadhi yalikuwa yamekuwa na rangi ya maziwa. Wengine wangedhani kimeoza. Walipotazama, wakakuta chembe hai za saratani zikielea. Wakazikuza, na mwezi wa Februari 1964 wakaona ndani yake virusi ambavyo havikuwa vimejulikana. Leo virusi hivyo vinaitwa Epstein-Barr, na ndivyo vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Virusi vile vina majina ya watafiti wawili. Mtoto wa Uganda ambaye uvimbe wake ulifungua mlango huo hatajwi katika jina hilo. Siku hizi sheria na maadili yanakulinda zaidi. Mwanafunzi ni lazima akueleze kwa lugha unayoielewa anataka nini, cha nini, na kitapelekwa wapi. Una haki ya kukataa, na ukikataa matibabu yako hayatabadilika hata kidogo. Una haki ya kupewa nakala ya fomu yenye anwani ya kamati ya maadili. Ukiridhika, mimi ningekushauri ukubali, kwa maana bila watu kama wewe utafiti utabaki kwa panya milele.

Maswali ya kujiuliza

Ukisoma au kusikia kwamba dawa mpya imepatikana, jiulize haya:

1. Ni nani aliyepona: chembe ndani ya chupa, panya, au watu?
2. Walikuwa wangapi, na walilinganishwa na nani?
3. Walifuatiliwa kwa muda gani?
4. Walipewa nini hasa, na kwa kipimo gani?
5. Je, ini na figo zilichunguzwa?
6. Anayekupa habari hizi, je, ndiye anayekuuzia dawa?

Ikiwa jibu la swali la kwanza ni panya, furahia habari hiyo, lakini endelea na dawa zako kama kawaida. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao.

Ikiwa tayari unatumia mitishamba, usimfiche daktari wako. Sisi hatuna nia ya kukufokea. Tunataka kujua kwa sababu majani yanayoshusha sukari kweli, yakichanganywa na insulini au vidonge, yanaweza kuishusha kupita kiasi. Ukianza kutetemeka, kutoka jasho jembamba au kuchanganyikiwa, pima sukari ikiwa unayo mashine, na mara moja unywe maji yenye sukari au soda ya kawaida. Kwa upande mwingine, kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara, kutapika, maumivu ya tumbo na kupumua kwa nguvu ni dalili kwamba sukari imepanda mno. Usingoje kukuche; nenda hospitalini.

Mama wa Ruiru amerudia sindano zake na sukari yake imetulia. Mti wake ungali pale shambani, na nilimwambia hakuna haja ya kuukata. Huenda mwanafunzi yule, au mwingine atakayemfuata, akautolea siku moja dawa itakayopimwa kwa watu na kuuzwa katika maduka ya dawa ya Thika. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mkulima hamwagi maji ya mtungini kwa sababu ameona wingu.